Ukambi Ulipogeuka Umakazi

Ukitoka Kabalagala kwa Barabara ya Ggaba unaingia Kansanga, na hapo utakuta maduka ya kuchapa na kutoa kopi yakichanganyika na vibanda vya chapati na vya kutuma pesa kwa simu. Riziki ya maduka hayo inategemea sana Chuo Kikuu cha Kampala International, kilichoanza mwaka 2001, na wanafunzi wake kutoka Tanzania, Kenya, Sudan Kusini, Kongo na Somalia, ambao hawakosi kitu cha kuchapa. Kijana wa kisa hiki alitoka Bukoba, akavukia Mutukula, akaja kusoma kompyuta. Jioni alifanya kazi katika duka mojawapo. Kisa ni cha kutungwa kwa ajili ya kufunzia, ndiyo maana mhusika hana jina. Lakini amri, vitufe na makosa yaliyomo ni ya kweli, na mwenye kompyuta anaweza kuyajaribu karibu yote leo, mradi ajaribie kwenye nakala isiyomgharimu kitu.

Kijana alikuwa hodari. Wenzake walitumia programu za kawaida za ofisi, yeye akajifunza Vim, programu ya kuhariri maandishi ambayo kazi zake zote hufanywa kwa kibodi, bila kugusa panya. Asili yake ni programu iitwayo vi, aliyoiandika Bill Joy mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mashine aliyoitumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya herufi h, j, k na l, na mpaka leo mtumiaji wa Vim husogea kushoto, chini, juu na kulia kwa herufi hizohizo. Mholanzi Bram Moolenaar aliiendeleza kazi hiyo akaitoa Vim kwa umma mwaka 1991. Aliyeizoea hufanya kwa sekunde kile ambacho mwenzake anafanya kwa dakika kadhaa. Sifa hiyo ni ya haki, na sina nia ya kumkatisha mtu tamaa ya kujifunza.

Vim humruhusu mtumiaji kukipa kitufe chochote kazi yoyote anayotaka. Maagizo hayo huandikwa katika faili la mipangilio liitwalo .vimrc, ambalo husomwa kila programu inapofunguliwa. Mtu mwenye subira hulijenga faili lake kidogokidogo, mstari baada ya mstari, kila anapopata haja. Kijana wetu hakuwa na subira hiyo. Alipata faili la mtu mwingine, fundi wa programu mwenye uzoefu wa miaka mingi, akalinakili lote kama lilivyo. Rangi zikawa nzuri, skrini ikapendeza, wenzake wakasogeza viti kutazama.

Ndani ya faili hilo kulikuwa na mistari mitatu ambayo hakuielewa. Wa kwanza, `set nobackup`, unaizuia Vim isibakize nakala ya faili la zamani linapohifadhiwa jipya. Wa pili, `set noswapfile`, unazima faili la pembeni ambalo Vim hutunzia kazi ambayo bado haijahifadhiwa, ili umeme ukikatika mtu aweze kuirudisha. Fundi aliyeiandika mistari hiyo alikuwa na sababu yake. Kila alichoandika alikitunza katika git, mfumo unaoweka kumbukumbu ya kila badiliko, kwa hiyo hakuona haja ya ulinzi mwingine. Kijana alichukua mistari ya kuondoa ulinzi bila kuchukua git iliyoifanya mistari hiyo isiwe na madhara.

Mstari wa tatu ulikuwa `set shortmess+=I`. Kazi yake ni kuficha maneno yanayotokea Vim inapofunguliwa bila faili. Maneno hayo kwa miaka mingi yaliwaomba watumiaji wa dunia nzima wawasaidie watoto maskini wa Uganda, na hayakuwekwa kwa bahati. Mwaka 1994 Moolenaar alikaa mwaka mzima Kibaale, wilaya ya Rakai, akijitolea katika kituo cha watoto na kushughulikia maji na usafi wa mazingira. Ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi sana katika eneo hilo. Aliporudi Uholanzi alisaidia kuanzisha mfuko wa kukisaidia kituo hicho, na akatamka kwamba Vim ni ya bure kwa kila mtu, ila anayeona imemfaa aombwe kuchangia. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Kijana wa Bukoba alipita Kyotera na Masaka kwa basi kila alipokwenda likizo, jirani kabisa na huko Rakai, na hakujua kwamba programu anayoitumia usiku na mchana ina uhusiano wowote na nchi anayosoma.

Nalitaja hilo kwa sababu maneno hayohayo ya mwanzo ndiyo yanayomwonyesha mgeni mlango wa `:help`. Mwongozo mzima wa Vim umo ndani ya kompyuta, hauhitaji bando wala hauhitaji mtandao kuwa na nguvu. Ukiandika `:help uganda` unapata habari ya Kibaale. Ukiandika `:help map-which-keys` unaelezwa ni vitufe gani viko huru kupewa kazi mpya na vipi vina kazi tayari. Kijana aliuficha mlango huo kabla hajaingia.

Onyo la kwanza lilikuja mapema. Alizoea Ctrl-S kuhifadhi kazi, akakipa kitufe hicho kazi hiyohiyo ndani ya Vim. Alipokibonyeza, skrini ikaganda. Katika terminali nyingi, yaani madirisha ya kuandikia amri, Ctrl-S ni amri ya zamani ya kusimamisha maandishi yasiendelee kutokea, na Ctrl-Q ndiyo inayoyaachia. Toleo la Vim alilokuwa nalo lilikuwa la zamani na halikuizima amri hiyo, kwa hiyo kitufe kilishikwa na terminali kabla hakijaifikia Vim. Yeye akadhani programu imekufa, akafunga dirisha. Ukurasa na nusu ukapotea, na faili la pembeni ambalo lingeurudisha lilikuwa limezimwa na mstari asioujua. Alilaumu kompyuta, akaandika upya, akaendelea.

Kisha ikaja kazi kubwa. Shirika moja linalohudumia wakimbizi lilikuwa na kitabu cha Kiswahili kwa ajili ya familia zilizotoka mashariki ya Kongo: namna ya kujiandikisha, zahanati, shule, chanjo za watoto, na utaratibu wa kuomba kuhamia nchi ya tatu. Mfasiri alikuwa mama wa Mombasa na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kila sura ilikuwa na faili lake la maandishi matupu, kwa sababu maneno hayohayo yangechapwa kwenye karatasi na pia kuwekwa kwenye simu. Kijana alipewa kazi ya kusafisha, kupanga na kuingiza masahihisho ya wasomaji.

Karibu na mwisho likaja agizo moja zaidi. Mfasiri alikuwa ameandika "kambi" kila mahali, na shirika lilitaka "makazi". Agizo hilo lilikuwa na maana. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na sehemu kama Nakivale, Kyangwali na Kyaka II hazina uzio. Familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kuziita kambi ni kuzisema visivyo.

Kijana alianza vizuri. Alifungua sura ya kwanza akaandika:

`:%s/kambi/makazi/gc`

Amri hiyo ni ya kale kuliko Vim yenyewe. Herufi s na mikwaju yake zimetoka katika programu ya ed, aliyoiandika Ken Thompson wa Bell Labs mwishoni mwa miaka ya 1960. Alama ya asilimia inasema faili zima. Herufi g inasema kila mahali neno lilipo katika mstari, hata likijirudia. Na ile c ya mwisho inaiagiza Vim isimame kwenye kila neno na kuuliza kwanza. Ukibonyeza y umekubali, ukibonyeza n umekataa.

Akajibu y. "kambi ya Nakivale" ikawa "makazi ya Nakivale". Sawa kabisa. Akajibu y tena, "kambi yetu" ikawa "makazi yetu". "kambini" ikawa "makazini". Y, y, y. Hapa ndipo Kiswahili kilipompumbaza, kwa kuwa viunganishi na vimilikishi vya "kambi" na vya "makazi" vinafanana: ya, yetu, yangu, yao. Sura ya kwanza ilikuwa utangulizi, na utangulizi umejaa "ya" na "yetu". Ikapita bila hata kosa moja, akaamini kwamba mashine imeshaelewa.

Saa tano usiku alichoka kubonyeza y. Akaiondoa c. Akaongeza i, ili herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Akaongeza amri ya kupita katika mafaili yote na kuyahifadhi moja baada ya jingine. Na kwa kuwa alitarajia maagizo ya namna hiyo yatakuja tena, akaiweka amri nzima juu ya kitufe kimoja, F5:

`nmap <F5> :argdo %s/kambi/makazi/gei \| update<CR>`

Hata uchaguzi wa kitufe ulikuwa wa hatari, kwa maana F5 ndicho kitufe ambacho watu hukibonyeza kupakia upya ukurasa wa intaneti. Dada wa zamu ya asubuhi angeweza kukigusa akidhani yumo kwenye kivinjari. Ila hakuhitajika dada wa zamu. Kijana alikibonyeza mwenyewe, mafaili yakapita kwenye skrini kwa kasi, yakaisha. Akafungua tena sura ya kwanza, akaiona safi, akatuma kitabu.

Yaliyokuwa ndani ni haya. "Kambi hii ina zahanati mbili" ilikuwa imekuwa "makazi hii ina zahanati mbili", mahali pa "makazi haya yana". "Kambi nyingine" ikawa "makazi nyingine". Palipokuwa na "makambi" pakawa na "mamakazi". Sentensi zilizoanza kwa herufi kubwa zikaanza kwa ndogo, kwa ajili ya ile i. Hayo yote ni aibu, lakini msomaji mwenye huruma angeyapita. Lililozidi lilikuwa katika sura ya afya. Mama wa Mombasa, kama wasemaji wengi wa Kenya, aliuita ugonjwa wa surua kwa jina la ukambi. Neno "kambi" limo ndani ya "ukambi", na amri iliambiwa itafute herufi hizo tano popote zilipo. Kwa hiyo wazazi waliambiwa wawapeleke watoto wapate chanjo ya umakazi. Dalili za umakazi ni homa, kikohozi, macho mekundu na vipele. Umakazi huambukiza kwa hewa.

Aliyeligundua kosa hilo ni mama muuguzi kutoka Bukavu, aliyekuwa amepewa kitabu akisome kabla ya kuchapwa. Alimpigia simu.

"Shikamoo mama," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Ukambi naujua, surua naijua. Umakazi ni ugonjwa gani?"

"Samahani mama, litakuwa kosa la kuchapa."

"Kosa la kuchapa hutokea mara moja, mwanangu. Hili liko kila mahali panapotajwa watoto."

Kijana alikata simu na mikono inamtetemeka. Angefunga kompyuta akalala, hasara ingeishia hapo, kwa sababu makosa yale yalikuwa bado yanaonekana na yanahesabika. Alifanya kile ambacho hofu humfanyisha mtu. Alibonyeza u, kitufe cha kutengua, lakini Vim ilikuwa imeshayafunga mafaili yale moja baada ya jingine, na kumbukumbu ya kutengua ilikuwa imeondoka nayo. Kuna mpangilio wa kuihifadhi kumbukumbu hiyo kwenye diski, `undofile`, uliokuja na Vim 7.3 mwaka 2010, lakini fundi mwenye git hakuuhitaji, kwa hiyo haukuwemo. Kijana akaona njia moja tu: kuigeuza amri, kila "makazi" irudi kuwa "kambi". Akaiweka juu ya F5 ileile na kubonyeza.

"Umakazi" ukarudi kuwa "ukambi", na kwa dakika moja alipumua. Kisha akafika sura ya mwisho. Mfasiri alikuwa ametumia pia neno "makazi" kwa maana zake halali, na sasa yote yalikuwa yamegeuka. Palipoandikwa "makazi mapya katika nchi ya tatu", jambo ambalo familia hulisubiri kwa miaka, pakasomeka "kambi mapya katika nchi ya tatu". Mtu aliyekimbia vita vya Kivu, akisoma hivyo, angedhani kwamba anachoombewa Canada au Sweden ni kambi nyingine. Na kuanzia hapo hapakuwa na namna ya kujua ni "kambi" ipi ilikuwa kambi tangu mwanzo na ipi ilikuwa makazi. Ilibidi kuomba upya maandishi ya kwanza ya mfasiri, na masahihisho yote yaliyoingizwa baada ya hapo yakawa yamekwenda. Shirika likaichukua kazi na kumpa mtu mwingine.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 2002 ilibainika kwamba huduma ya barua pepe ya Yahoo, katika kujikinga na amri hatari zinazofichwa ndani ya barua, ilikuwa ikibadilisha herufi "eval" kuwa "review" kila zilipotokea, hata katikati ya neno. Neno la Kiingereza la mambo ya Zama za Kati, "medieval", likageuka "medireview", na neno hilo lisilokuwepo likaonekana limeenea kwenye kurasa za intaneti, kwa kuwa walionakili kutoka kwenye barua zao hawakuliona. Kampuni kubwa yenye mainjinia wengi ilifanya kosa la F5 ya Kansanga.

Kwa mtumiaji wa Kiswahili hatari hii ni kubwa zaidi, na sidhani kwamba tunaizungumza vya kutosha. Kiingereza kikibadilisha nomino moja, sentensi iliyobaki aghalabu husimama. Kwetu nomino huvuta sentensi nzima: kivumishi, kionyeshi, kitenzi, vyote hubeba alama yake. Zaidi ya hayo maneno yetu hupachikwa viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo herufi tano za "kambi" zinaweza kukaa ndani ya "kambini", "makambi" na "ukambi", zote zikiwa na hukumu tofauti. Huko Kilifi, Kambi ni jina la mtu. Hakuna amri ya mstari mmoja inayoweza kuamua hayo yote. Amri inaweza kukupeleka mahali neno lilipo. Kuamua ni kazi ya msomaji.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayeijua Vim au unayejifunza: kabla ya kubadilisha, hesabu. `:%s/kambi//gn` haibadilishi kitu; inakuambia tu neno limo mara ngapi. `:vimgrep /kambi/ *.txt` ikifuatiwa na `:copen` inakuorodheshea kila mstari wenye neno hilo katika mafaili yote, na kwa kuipitia orodha hiyo kijana angeuona ukambi mapema. Ukitaka neno lililo peke yake, lizungushie mipaka, `\<kambi\>`, kisha shughulikia "kambini" na "makambi" kwa amri zao. Ile c usiiondoe, hata ukichoka; ukichoka, hifadhi, kalale. Nakili folda nzima kwenye flashi kabla ya amri yoyote inayogusa mafaili mengi, au jifunze git, ambayo mambo yake ya msingi ni kazi ya mchana mmoja. Unapokipa kitufe kazi, tumia `nnoremap` mahali pa `nmap`, ili kisirithi kazi ya kitufe kingine ulichokibadilisha zamani, na `:verbose map <F5>` itakuonyesha ni mstari wa faili gani ulioweka kazi hiyo. Kitufe kimoja kinafaa kwa kusogea, kutafuta na kutazama. Amri inayofuta au kubadilisha na kuhifadhi papo hapo ichapwe kwa mkono, herufi kwa herufi, ili jicho lipate muda wa kuisoma. Na faili la mipangilio ulilolipata kwa mtu, lipitie kwa `:help`. Mstari usioweza kumweleza mwenzako, utoe.

Nanyi mnaotoa kazi hizi, mashirika na ofisi za Kampala, Goma na Nairobi: kitabu cha chanjo kikikosea, anayeumia ni mtoto ambaye mama yake hakuelewa anaitwa zahanati kwa sababu gani. Kijana alikosea, lakini ni nyinyi mliompa kazi ya kuchapa na ya kuhakiki kwa malipo ya mtu mmoja. Mama wa Bukavu alikisoma kitabu kile kwa hisani yake, jioni, baada ya zamu. Mlipeni msomaji wa namna yake kama mnavyomlipa mchapaji, na mpeni siku za kutosha za kusoma kabla kitabu hakijapelekwa Nakivale.